Mita Tisa Juu ya Bahari

Kiongozi wa msafara, jina lake Sonamu,
amenitumia maswali kumi na mawili.
La kwanza: mji wako uko mita ngapi juu ya bahari?
Nikaandika: tisa.
Kisha nikaona haya, nikaongeza:
ila nyumba yangu ya Chumbageni
ina vidato vitatu mlangoni.

La nne: je, unakula pilipili?
Kwao, anasema, pilipili si kiungo, ni mboga,
hupikwa kwa jibini, ikaliwa na wali mwekundu.
Sonamu, mwanangu, usinitishe.
Mimi nimekuzwa kwa achari ya Ngamiani.
Jibini ndiyo niogopayo.

La saba: umewahi kupanda mlima?
Hapo kalamu ikasita.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha jiografia.
Himalaya nimeichora kwa chaki ya kahawia,
ukingo wa ubao hadi ukingo,
theluji kwa chaki nyeupe, ile ya bei rahisi,
ikanidondokea mikononi, ikaingia kifuani,
nikaikohoa mpaka siku ya kustaafu.
Mlima nilioupanda kwa miguu
ni ngazi za ofisi ya mafao, ghorofa ya tatu,
mara kumi na tisa,
na kileleni nikaambiwa njoo Jumatatu.
Nikaandika: ndiyo, nimewahi.

Mwanangu Shemahonge amepiga hesabu nyuma ya bahasha.
Tanga hadi Dar kwa basi, Dar hadi Doha, Doha hadi Delhi,
halafu ndege ndogo inayopenya kati ya vilima
kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Halafu ada ya kila siku, hata siku ya kuumwa kichwa.
"Mama," akasema, "hiki ni kiwanja cha Pongwe!
Hivi ni vyumba vinne vya kupangisha!"
Nikamwambia, vyumba vinne nishavihesabu,
nimeviuza vyote kwa wiki mbili,
na choo cha nje juu yake.

Bi Mwanakombo, jirani, alikuja na visheti na neno.
"Huko kwa masanamu, utaswali wapi?"
Nikatoa dira ya shule, ile iliyopasuka kioo.
Hapa Tanga tunaelekea kaskazini, shoga.
Kule nitageukia magharibi.
Nyumba ni ile ile, ni mimi niliyehama upande.
Akaitazama sindano ikitetemeka,
akala kisheti kimoja katika alivyoniletea,
akauliza kama kuna nafasi ya mtu wa pili.

Mwezi uliopita nilikwenda Lushoto kujaribu mapafu.
Nilivaa sweta mbili na viatu vya Shemahonge.
Kwenye mteremko wa Irente watoto walinipita
na mizigo ya kuni kichwani, wakiimba,
wakanipa pole.
Nilikaa juu ya jiwe, moyo ukinigonga
kama mgeni asiyejua kwamba kengele ipo.
Daktari wa Bombo kasema: taratibu. Maji mengi.
Na usione haya kurudi nyuma.
La mwisho hilo sikuliandika kwenye daftari.

Limebaki swali la kumi na mbili.
Kisanduku chake ni kidogo, hakitoshi hata sahihi yangu:
sababu ya safari.

Darasa la sita B, mwaka wa njaa ya sukari,
mtoto aitwaye Hoza, kaptula imetobolewa na dawati,
alinyoosha kidole mbele ya milima yangu ya chaki.
"Mwalimu, umefika?"
Nikamwambia, fungua ukurasa unaofuata.

Hoza sasa anatengeneza baiskeli Barabara ya Nane.
Ana mvi kunizidi.
Kila nikipita huinua spana:
"Mwalimu, umefika?"
Wote pale hucheka, nami hucheka,
nikifika kona huacha.

Leo asubuhi nimepita makusudi,
mkoba mkononi, tiketi ndani ya mkoba,
tiketi ndani ya plastiki, plastiki ndani ya kanga.
Akainua spana.
"Bado," nikasema. "Lakini tarehe ninayo."
Akaishusha spana polepole,
akajifuta grisi kwenye suruali,
akasogeza kibao.
"Kaa, Mwalimu. Nionyeshe inapopita."